Umeme wa Nyumba Unayotaka Kununua



Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na maji ya kunywa. Safari hii nataka tuzungumze juu ya nyumba. Usishangae. Nyumba mbovu huleta wagonjwa zahanati kama vile maji machafu yanavyowaleta.

Siku hizi nyumba nyingi vijijini zina umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimefika mahali ambapo wazee wetu walitumia kibatari tu. Hilo ni jambo jema. Lakini nyumba zilizofungwa umeme miaka ile ya kwanza sasa zimeanza kuchakaa, na baadhi yake zinauzwa. Mnunuzi hutazama bati, milango, choo na mipaka ya kiwanja. Umeme huutazama kwa namna moja tu: anabonyeza swichi, taa inawaka, anaridhika.

Nitakueleza kwa nini hilo halitoshi.

Mwaka 2021, wakati wa masika, waliletwa zahanati kwetu mume na mke kwa pikipiki mbili. Walikuwa wamenunua nyumba ya tofali za kuchoma kando ya barabara, kwa fedha za pamba za misimu mitatu. Walikuwa wamekaa humo wiki tatu tu. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Mama alitoka kuanika nguo. Kamba ya kuanikia ilikuwa ya waya, na ncha yake moja ilifungwa kwenye msumari chini ya bati. Aliposhika kamba, alishindwa kuiachia. Mume wake alisikia kelele, akakimbia na kumvuta kwa mikono. Mama akaanguka pembeni. Mume akashikwa yeye. Jirani aliingia ndani na kuzima swichi kubwa, lakini muda ulikuwa umepita.

Mama alipona. Vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo. Mume alifika kwetu moyo ukiwa umesimama, wala hatukuweza kuurudisha.

Baada ya mazishi, fundi alipanda ngazi na kutazama chini ya paa. Waya wa taa ulipita juu ya mbao za kenchi, na ukingo wa bati ulikuwa umekata gamba lake. Upepo ulipotikisa bati, bati lilisugua waya. Kwa hiyo bati lote lilikuwa na umeme, na kamba ya nguo nayo. Fundi hakutumia hata dakika 10 kuliona kosa hilo. Alilitazama kwa macho tu. Jambo hilo ndilo lililoniuma.

Tena kuna jambo jingine. Watoto wa jirani walisema walijua siku nyingi kwamba bati la nyumba ile "linatekenya" mvua ikinyesha. Walikuwa wakicheza kwa kuligusa. Hakuna aliyewauliza watoto.

Mimi si fundi umeme. Nilisomea cheti cha uganga. Lakini baada ya msiba ule nilimwomba fundi mwenye leseni anionyeshe mambo ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyaona. Haya ndiyo ninayokuandikia. Kanuni ni moja: tumia macho, pua, masikio na mdomo wa kuulizia. Usitumie mikono. Usifungue kitu chochote, na usiguse waya wowote.

Kwanza tuelewe umeme unavyoua. Umeme wa majumbani kwetu una nguvu ya volti 230. Unapopita mwilini kutoka mkononi kwenda miguuni, hupita karibu na moyo. Misuli ya mkono hukaza, ndiyo maana mtu hushindwa kuachia. Moyo huacha kupiga kwa mpango, hutetemeka tu, na damu haiendi popote. Mwili mkavu huuzuia umeme kidogo. Mwili ulioloa, miguu mitupu, ardhi yenye maji, vyote hivyo huufungulia umeme njia.

Umeme hupimwa kwa ampia. Sehemu moja ya kumi ya ampia moja inatosha kuua mtu. Liweke hilo moyoni, kwa sababu tutalirudia.

Sasa twende kwenye nyumba. Nenda mchana, kukiwa na mwanga, na uchukue tochi. Kama unaweza, nenda mara ya pili siku ya mvua au kesho yake, maana nyumba nyingi huficha makosa yake wakati wa kiangazi. Mwambie mwenye nyumba wazi kwamba umekuja kutazama umeme. Akikataa, basi amekwisha kukujibu.

Anza nje. Tazama waya unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye nyumba. Je, umelegea mpaka mtu aliyebeba mzigo kichwani anaweza kuugusa? Je, umepita katikati ya matawi ya mwembe? Je, unagusa bati mahali unapoingia? Kama nyumba iko karibu na waya kubwa za njia ya umeme, uliza ofisi ya TANESCO kama haimo ndani ya hifadhi ya njia hiyo. Nyumba iliyomo humo inaweza kuwekewa alama ya X, na wewe utabaki na karatasi ya mauziano mkononi.

Tazama kama kuna waya unaotoka nyumba hii kwenda kwa jirani, au unaokuja kutoka kwa jirani. Nimeona waya kama huo umefungwa kwenye mpapai. Nimeona mwingine umefukiwa chini ya njia ya ng'ombe, kina cha kiganja tu. Mtu mwenye jembe hawezi kujua uko wapi. Waya wa namna hiyo si wa halali, na ukinunua nyumba unanunua kesi pamoja nayo.

Sasa tafuta nondo ya shaba. Hii watu wengi hawaijui. Kila nyumba yenye umeme inatakiwa kuwa na nondo iliyopigwa ardhini, na waya unaotoka kwenye nondo hiyo kwenda kwenye swichi kubwa. Mafundi wanauita waya wa ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, badala ya kuuacha ukungojee wewe. Zunguka nyumba na umwambie mwenye nyumba akuonyeshe nondo ilipo. Mara nyingi utaonyeshwa tundu tupu. Wezi wa shaba wameikata, au watoto wameing'oa, au fundi hakuiweka kabisa. Taa zitawaka vizuri bila nondo hiyo. Ndiyo maana hakuna anayeona pengo lake mpaka siku ya ajali.

Tazama kamba za nguo. Kama ni za waya na zimefungwa kwenye paa, zikatwe siku hiyohiyo utakapohamia. Funga kamba ya katani au ya nailoni kwenye miti miwili, mbali na nyumba. Hili halihitaji fundi wala fedha nyingi.

Ingia ndani na uende kwenye mita. Mita ya LUKU ni mali ya TANESCO. Tazama lakiri zake kama hazijakatwa, na kama hakuna waya unaoiruka mita. Uliza ofisi yao kuhusu deni na kuhusu kubadilisha jina. Mambo ya deni si kazi ya safu ya afya, kwa hiyo nayaacha hapo.

Karibu na mita kuna swichi kubwa na kisanduku chenye vikata umeme vidogo. Mafundi wanaviita sakiti breka. Kisanduku kiwe na mfuniko mzima. Kusiwe na tundu ambalo mtoto anaweza kuingiza kidole au njiti ya fagio. Kusiwe na alama nyeusi ya moto, wala nyumba za mavu, wala vumbi la mchwa. Kama ni nyumba ya zamani yenye fyuzi, mwombe fundi azime na azitoe mbele yako. Watu huchukua waya wa kawaida, hata msumari, wakaweka mahali pa fyuzi ili umeme usikatike tena. Ni kweli, hautakatika. Nyumba itaungua kwanza.

Kwenye sakiti breka kuna tarakimu. Wewe sasa unaweza kuzisoma. Utaona 6 au 10, au 16, 20, 32. Tarakimu hiyo ni idadi ya ampia. Kwa kawaida njia ya taa hutumia waya mwembamba na breka ya 6 au 10. Ukikuta breka ya 32 imewekwa kwenye waya mwembamba wa taa, elewa kuwa waya utapata moto kabla breka haijakata. Fundi aliyefanya hivyo alichoka kuitwa, akaweka breka kubwa ili mwenye nyumba asimsumbue.

Sasa rudi kwenye lile nililokuambia uliweke moyoni. Breka ya ampia 20 hukata umeme unapozidi ampia 20. Mtu hufa kwa sehemu moja ya kumi ya ampia. Kwa hiyo breka haioni kabisa kwamba wewe umeshikwa. Breka inalinda waya. Haikulindi wewe. Ndugu yetu yule alikufa na breka zake zote zikiwa nzima.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine, na mafundi wanakiita RCD. Hiki hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kidogo tu, maana yake unavuja mahali, labda kupitia mwili wa mtu. Hapo hukata mara moja, hata kabla hujamaliza kupiga kelele. Kile cha kulinda watu huandikwa 30mA, au 0.03A. Kinakuwa karibu na swichi kubwa, na kina kibonyezo kidogo chenye herufi T. Mwombe mwenye nyumba akibonyeze. Umeme wa nyumba unatakiwa kukatika papo hapo. Kama haukatiki, kifaa kimekufa, au hakikuunganishwa. Kama hakipo, hesabu bei yake katika mazungumzo yenu. Kwa maoni yangu kifaa hiki ni cha lazima kama chandarua, ingawa watu hununua redio kwanza.

Tembea sasa chumba kwa chumba. Zima redio na uwaambie watu wanyamaze kidogo. Sikiliza. Soketi au swichi inayolia kama nyuki ina waya uliolegea. Nusa. Harufu ya plastiki iliyoungua, au harufu kama ya samaki aliyeoza katika chumba kisicho na samaki, ni dalili ya waya unaopata moto. Tazama taa kama zinafifia pasi inapowashwa.

Soketi ziwe zimekaa imara ukutani. Tazama alama za kahawia au nyeusi kuzunguka matundu. Soketi zetu zina matundu matatu ya bapa. Tundu la juu ni la ethi, na ndilo linalofungua milango ya matundu mawili ya chini. Watu huchomeka kalamu au njiti katika tundu la juu ili kuingiza chaja yenye pini mbili za mviringo. Ukikuta matundu yamepanuka na milango yake imevunjika, ujue ndivyo ilivyotumika. Mtoto mwenye msumari anaweza kufika kwenye umeme bila kizuizi. Soketi hiyo ibadilishwe.

Tazama waya zilizopita nje ya ukuta. Je, zimo ndani ya bomba la plastiki au zimepigiliwa misumari juujuu? Je, zimeunganishwa kwa mfuko wa nailoni badala ya tepu na kisanduku? Je, kuna waya laini wa pasi uliotumika kama waya wa nyumba? Nyumba ya tofali za udongo inahitaji uangalifu zaidi. Mchwa hupita nyuma ya bomba, ukuta hunywa maji ya mvua, na soketi hubaki zinaning'inia. Katika nyumba ndogo zenye kisanduku kilicho tayari, kile wanachokiita UMETA, tazama kama watu hawakuvuta waya wao wenyewe kutoka kwenye kisanduku kwenda vyumba vyote.

Rangi za waya nazo zinasema kitu. Za zamani ni nyekundu kwa umeme, nyeusi kwa unaorudi na kijani kwa ethi. Za sasa ni kahawia, bluu, na kijani yenye mistari ya njano. Ukiziona za namna zote mbili katika nyumba moja, ujue imefungwa au imeongezwa nyakati mbalimbali. Si kosa, lakini uliza nani aliongeza.

Kisha tazama juu. Hapa usifanye haraka. Kama hakuna dari, mulika kenchi kwa tochi. Fuata kila waya kwa macho, toka mwanzo mpaka mwisho. Unagusa bati wapi? Umepita juu ya ncha ya msumari? Panya wameutafuna? Kama kuna dari, omba ngazi utazame kupitia tundu lake. Alama za maji kwenye dari karibu na taa maana yake bati linavuja juu ya umeme. Hata kama utaambiwa kuwa bati limekwisha kuzibwa, waya ule uliloa.

Bafuni kusiwe na soketi. Kama kuna mashine ya kupasha maji ya kuoga, usiiwashe mpaka fundi ameipima. Kisimani, kama kuna pampu, tazama waya wake kama haujalala kwenye matope.

Baada ya hapo fanya kazi ya kuuliza. Nyumba hii iliwahi kuwa nini? Kama ilikuwa saluni, karakana ya kuchomelea vyuma au mashine ya kukoboa, waya zake zilibeba mzigo mkubwa. Taa zinaungua mara ngapi? Kuna mtu aliwahi kupigwa shoti hapa? Waulize majirani. Waulize na watoto, tena peke yao: bati hutekenya? Bomba la maji hutekenya? Ukuta je? Ng'ombe au mbuzi aliwahi kufa karibu na nyumba? Kuna watu watasema nyumba ina mashetani. Mimi nimejifunza kuwauliza mashetani hao hutokea siku za mvua au za jua.

Macho yana mpaka wake. Hayaoni waya uliokatika ndani ya ukuta, wala hayajui kama nondo ya shaba inashika ardhi vizuri. Kwa hiyo ukiipenda nyumba, mlete fundi mwenye kipimo kabla ya kulipa. Tanzania, leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA. Mwambie akuonyeshe leseni yake, usome jina na tarehe ya mwisho. Fundi wa kweli hakasiriki. Mwache apime, kisha aandike makosa na gharama kwenye karatasi. Nenda na karatasi hiyo kwa muuzaji. Ama atengeneze yeye, ama apunguze bei. Mkikubaliana, iandikwe katika hati ya mauziano mbele ya Mtendaji wa Kijiji: nani atatengeneza nini, na lini. Yule mama aliniambia walipunguziwa bei kwa sababu ya mlango uliooza. Hawakujua kuna jambo jingine la kuombea punguzo.

Sasa nimalizie kwa kazi yangu mwenyewe. Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimguse. Najua ni vigumu, hasa akiwa mkeo au mwanao. Kimbilia swichi kubwa, uzime. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Njia hii ya mti ni ya umeme wa nyumbani tu. Waya wa njia kubwa ukianguka chini, usisogee karibu kwa hatua zisizopungua 10 kubwa, na wazuie wengine. Waite TANESCO.

Umeme ukishazimwa, mwite jina. Kama hajibu na hapumui, au anapumua kwa kukoroma mara mojamoja, usimmwagie maji wala usimfukie mchangani. Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Kandamiza kwa nguvu mpaka kifua kishuke kama sentimita 5, uachie, ukandamize tena. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika moja. Ukichoka, mwingine apokee. Msisimame kusubiri gari. Moyo uliosimama kwa umeme wakati mwingine hurudi, lakini hurudi kwa waliokandamizwa mapema.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Funika kwa kitambaa safi.

Na yule aliyepigwa shoti akaamka, akajipangusa vumbi na kusema yuko salama, mlete zahanati hivyohivyo. Umeme huunguza nyama za ndani huku ngozi ikionyesha kidonda kidogo kama punje ya hindi. Tutamsikiliza moyo, na ikibidi tutampeleka hospitali yenye mashine ya kuupima. Mwangalie pia mkojo wake siku hiyo na siku inayofuata. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hata kama ni usiku wa manane, tugongee mlango.